Gari Lina Ukoo

Kwenye kipindi cha pesa nilitaja kwa kupita tu kwamba nina Pontiac GTO ya mwaka 1968. Ujumbe mliotuma baada ya hapo haukuhusu pesa hata kidogo. Mnataka habari za gari. Wengine mnataka kujua kama wazazi wangu wana taarifa. Wanayo, na baba alikuwepo siku ya kununua. Nitafika huko.

Kwanza jina, maana Kiswahili hakijatupa neno la magari haya. Nilimwambia mama ni "gari la misuli", akacheka mpaka akaweka kikombe chini. "Misuli? Kwani linabeba zege?" Basi nieleze kwa kirefu: ni gari la Kimarekani la ukubwa wa kati, mara nyingi la milango miwili, lililotiwa injini kubwa kuliko linavyohitaji, kisha likauzwa kwa bei ambayo kijana mwenye kazi ya kiwandani angeweza kuifikia. (Na kabla hamjaniandikia: najua ni "gari langu". Nyumbani kwetu tunasema "gari yangu" na mama anatusahihisha tangu 1995.)

Wengi huhesabu mwanzo wake kuwa mwaka 1964. General Motors walikuwa na kanuni ya ndani: magari ya ukubwa ule yasiwekwe injini inayozidi inchi za ujazo 330. Kule Pontiac, ambako mhandisi mkuu alikuwa John DeLorean, wakachukua injini ya 389 wakaiingiza kwenye Tempest LeMans. Hawakuiita gari jipya. Waliiita nyongeza, kitu ambacho mteja anajiongezea mwenyewe kama redio, na kanuni ikapita pembeni. Mwaka wa kwanza waliuza zaidi ya 32,000. Niliposoma hadithi hiyo nikasema hawa jamaa wangeweza kabisa kuwa wajomba zangu wa Tanga.

Wengine wakafuata haraka: Chevrolet, Plymouth, Dodge, Ford. Kufikia katikati ya miaka ya 1970 sherehe ilikuwa imekwisha, kwa sababu ya bima, sheria za moshi na bei ya mafuta.

Lakini ule ujanja wa kuiita nyongeza ndio unaowatesa wanunuzi hadi leo, na ndicho kitu nilichotaka kuwaambia. Ukikuta GTO ya 1964 au 1965, namba ya chesisi haitakwambia kama ni GTO kweli. Inasema LeMans au Tempest, basi. Mtu mwenye gereji nzuri na subira anaweza kuchukua LeMans ya kawaida, akabandika nembo, akabadili boneti na injini, na gari likawa GTO machoni pa watu. Kuanzia 1966 hadi 1971 mambo ni mepesi zaidi: GTO halisi namba yake inaanza na 242. LeMans ya 1968 inaanza na 237. Chevelle SS ya 1970 inarudi kwenye giza lile lile, namba haisemi SS. Kwa Chrysler na Ford wa miaka hiyo unatazama herufi ya tano, inayotaja injini iliyotoka kiwandani.

Kwa hiyo unaponunua gari la namna hii hununui chuma peke yake. Unanunua nasaba. Ni kama wazee wetu posa inapoletwa: kabla ya mahari kutajwa, watu wametumwa kuuliza huyu ni wa ukoo gani, alikulia wapi, nani anamjua. Plymouth 'Cuda ya 1971 ya kufunguka paa, yenye injini ya Hemi, zilitengenezwa 11 tu, na moja iliuzwa mnadani mwaka 2014 kwa dola milioni 3.5. 'Cuda nyingine ya mwaka huo huo, umbo lile lile, rangi ile ile, lakini ilizaliwa na injini ndogo, haitakaribia hapo hata uipake dhahabu. Tofauti yao ni karatasi.

Na karatasi zipo. Kwa Pontiac kuna Pontiac Historic Services: unawapa namba ya chesisi, unalipa, wanakutumia nakala ya kumbukumbu ya kiwanda kuhusu gari lile lile. Kwa Ford kuna ripoti za Marti. Kwa Chevrolet ni shida, kumbukumbu nyingi hazikuhifadhiwa, kwa hiyo watu hulala chini ya gari wakitafuta karatasi ya kiwandani ambayo wakati mwingine ilibaki juu ya tangi la mafuta.

Gari la kwanza nililokwenda kuliona lilikuwa jekundu, limeng'aa, dola 45,000, tangazo linasema GTO 1968. Mimi ni mhasibu. Nilianza na namba. 237. Nikamwonyesha muuzaji. Akasema gari limekuwa GTO kwa miaka 20, kila mtu anajua. Sina ugomvi na LeMans iliyovalishwa, kama inauzwa kwa jina lake na bei yake. Mengine ni mazuri na yanatunzwa kuliko yale halisi. Nilimshukuru nikaondoka.

La pili nilikwenda na baba.

Hapa lazima niwaambie baba ni nani. Alikuja Michigan mwaka 1985 kusoma, masomo yakaisha pesa zikiwa zimeisha mapema zaidi, akaingia kiwanda cha viti vya magari. Zamu ya usiku miaka mingi, na Jumamosi akiipata. Tulikua maili mbili kutoka Woodward Avenue, barabara ambayo vijana wa miaka ya 1960 walikuwa wakishindanishia magari haya. Kila Jumamosi ya tatu ya Agosti, tangu 1995, maelfu ya magari ya kale hupita pale mchana kutwa. Baba hakwenda hata mara moja. Kwake gari ni miguu. Likizeeka ni mkweche, na mkweche unauzwa kabla haujakuuza wewe.

Nilipomwambia bei alinyamaza, kisha akauliza swali moja: "Una mkopo?" Nikamwambia hapana, taslimu. Kama ungekuwa mkopo wa riba asingekanyaga gereji ile, na mimi pia nilikuwa nimeamua kwamba kitu cha kufurahia tu hakikopewi. Akachukua koti.

Gari lilikuwa la kijani iliyokolea, namba 242, na herufi P kuonyesha liliundwa kiwanda cha Pontiac hapa hapa Michigan. Muuzaji alikuwa mzee mstaarabu, ila kila nilichouliza alimjibu baba. Nauliza breki, anamtazama baba. Nauliza giaboksi, anamtazama baba. Mwishoni baba akamwambia kwa Kiingereza chake cha pole, pesa ni zake yeye, mimi ni dereva. Yule mzee akawa mwekundu kama lile LeMans.

Nilikuwa na sumaku ndogo nimeifunga kitambaa, ya kupitisha kwenye bodi. Pale ambapo sumaku haishiki, chini ya rangi pana puti badala ya bati. Michigan humwaga chumvi barabarani kila baridi, na chumvi hiyo imekula magari mengi kuliko ajali. Baba hakutaka sumaku. Alizunguka gari akigonga kwa kifundo cha kidole, taratibu, kama anayebisha hodi usiku. Ngo, ngo, ngo. Alipofika ubavu wa nyuma kushoto, juu ya tairi, sauti ikawa nzito. Akagonga tena. "Mama, hapa pamezibwa." Nikaweka sumaku, ikaanguka mkononi. Nilimuuliza alijifunzia wapi. Akasema Tanga, kabla hujanunua gari la mtu unaligonga, unadhani wewe ndiye wa kwanza kudanganywa?

Buti lilikuwa zima, chesisi nzima. Injini ilikuwa ya Pontiac, ya 400, lakini si ile iliyozaliwa na gari. GM walianza kupiga sehemu ya namba ya gari kwenye injini kwa magari ya 1968, na hizi mbili hazikulingana. Kwa mkusanyaji wa kweli hiyo ni dosari kubwa na bei hushuka sana. Kwangu ilikuwa nafuu. Gari lenye injini yake ya awali unaliendesha huku roho juu. Tulipatana dola 34,000 baada ya kidole cha baba kufanya kazi yake, na karatasi za kiwandani nilikuwa nimeshaziagiza.

Mdogo wangu aliona nimepotea. Yeye anapenda mapya: Dodge Challenger, ambayo iliacha kutengenezwa mwisho wa 2023, au Camaro, ambayo nayo iliacha kutengenezwa. Hoja yake ina uzito. Demon 170 ya 2023 ina nguvu za farasi 1,025, inawaka asubuhi bila kubembelezwa, ina kiyoyozi, na mlolongo wake umefungwa. Ninachokiona kigumu ni kwamba thamani ya gari jipya la kuhifadhi iko kwenye maili ambazo hukwenda. Watu wanayaacha na plastiki kwenye viti. Ni kama kanga ya bei mbaya iliyofungiwa kabatini isubiri harusi ambayo haijapangwa. Pia sina hakika ni nani atakayetengeneza kompyuta zake miaka 40 kutoka sasa. Kabureta yangu mtu anaifungua mezani kwa bisibisi. Lakini kama unataka gari la kila siku lenye ngurumo, nunua Challenger ya kawaida yenye injini ya V8 iliyokwisha kutumika, iendeshe, usiite uwekezaji.

Bima: chukua ile ambayo thamani mmekubaliana mapema na kuandikiana. Bima ya kawaida italihesabu kama gari la zaidi ya miaka 50 na kukulipa pesa ya sahani ya biriani.

Habari ilipofika kwenye kundi la familia WhatsApp, shangazi aliandika: "Pesa hizo si ungejenga?" Sikumjibu haraka, maana si swali la kipuuzi. Nilichanga ada za watoto wawili nyumbani mwaka ule kama kila mwaka, na pesa ya gari niliiweka pembeni miaka minne. Nilimwandikia hivyo hivyo, na tarakimu. Akajibu kwa emoji ya gari. Mjomba akataka nilitume Tanga, nikamkumbusha kwamba Tanzania inatoza ada ya uchakavu kwa gari kuukuu. Uchakavu! Hapa nimelipa zaidi kwa sababu yake.

Leseni yangu ni ya gari la kihistoria, ambayo Michigan inakubana kwenye maonyesho na shughuli za vilabu, isipokuwa Agosti, unapoweza kuendesha utakavyo. Kwa hiyo Agosti iliyopita nilimpitia baba tukaenda Woodward. Alikaa kiti cha abiria kioo chini, hasemi kitu, Chevelle na Mustang zinapita zikinguruma. Karibu na Royal Oak akaniambia simama. Pembeni paliegeshwa Fiero nyeupe ya 1986, kigari kidogo ambacho wapenzi wengi wa V8 hukipita bila kugeuka. Baba akamwomba mwenyewe ruhusa, akafungua mlango, akapiga magoti pale lami kwenye suruali yake nzuri, akaingiza mkono chini ya kiti na kupapasa.

"Hizi springi," akasema. "Njoo ushike, mama."