Tafakari ya Dominika ya 23 ya Mwaka C: Ahadi na Nafasi



Katika Injili ya Dominika hii (Lk 14:25-33) Bwana wetu anatuwekea mbele mtu atakaye kujenga mnara, ambaye hana budi kupiga hesabu kwanza, asije akaishia kwenye msingi. Napenda tuutafakari mfano huo kwa msaada wa jambo tunalolitumia kila siku bila kuliona: namna kompyuta inavyogawa kumbukumbu yake.

Ndani ya kompyuta kuna kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi. Mojawapo ya kazi zake ni kuzigawia programu nafasi ya kumbukumbu. Nafasi ni finyu, programu ni nyingi. Mwaka 1962 Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, kilizindua kompyuta iliyoitwa Atlas, kazi ya kundi lililoongozwa na Tom Kilburn. Humo ndimo ulimotumika utaratibu tunaouita leo kumbukumbu pepe.

Fikirini ofisi ya parokia yenye meza ndogo na kabati kubwa. Vitabu vya ubatizo, ndoa na vifo haviwezi kukaa vyote mezani. Kinachohitajika huletwa, kisichotumika hurudishwa kabatini. Ndivyo ifanyavyo kerneli: huigawa kumbukumbu katika kurasa ndogo ndogo, zinazotumika huziweka karibu, zisizoguswa kwa muda huzipeleka kwenye diski. Programu ikitaka ukurasa usiokuwapo, husimamishwa kidogo, ukurasa ukaletwa, nayo ikaendelea bila kujua lolote. Kila programu hudhani meza yote ni yake.

Hata hivyo, hekima hiyo ina mipaka miwili. Kwanza, programu zikizidi, mashine hutumia muda wake wote kuleta na kurudisha kurasa, na kazi yenyewe haisogei. Mwaka 1968 Mmarekani Peter Denning alilieleza tatizo hilo na dawa yake: kupunguza programu zinazoendeshwa kwa pamoja, hadi kila moja ipate kurasa zinazoitosha. Pili, kerneli kama ile ya Linux huweza kuahidi nafasi kubwa kuliko iliyopo, kwa kutumaini kwamba programu zote hazitadai kwa wakati mmoja. Mara nyingi hufaulu. Isipofaulu, huchagua programu moja na kuiua ili nyingine zipone.

Programu iliyouawa hufunguliwa tena. Binadamu sivyo. Sisi wa Kanda ya Ziwa tunalijua hilo kwa machozi. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza, na mamia ya ndugu zetu wakapotea. Tarehe 20 Septemba 2018, siku ya soko, MV Nyerere ilipinduka karibu na gati la Ukara. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliokufa walizidi 220. Kila tiketi ni ahadi ya nafasi. Chombo kilichozidishwa hufika salama mara nyingi, na kila kinapofika salama hutufundisha vibaya.

Je, sisi hatujazi hivyo maisha yetu? Tunaahidi mchango wa harusi, marejesho ya VICOBA, zamu ya kwaya na kamati, tukitumaini kwamba wote hawatadai siku moja. Siku wanapodai pamoja, anayekatwa ni yule asiye na sauti: ada ya mtoto, mama mgonjwa kijijini, sala ya jioni.

Bwana hatukatazi kujenga. Lakini tuangalie anavyohitimisha: anayetaka kuwa mfuasi wake aachane na vyote alivyo navyo. Hesabu anayoidai inaishia katika kuachilia.

Basi wiki hii, katika Jumuiya Ndogo Ndogo, kila mmoja aziandike ahadi zake, kisha aende kwa yule asiyeweza kumtimizia na kumwambia mapema. Kusema "sitaweza" kungali mapema ni tendo la upendo. Na tukikuta chombo kimejaa gatini, tusipande, wala tusimsihi nahodha atuongezee nafasi isiyokuwapo.

Tuwaombee marehemu wetu wa Ziwa hili, na familia zao ambazo bado zinawalilia. Nawatakieni Dominika njema na baraka tele.