Ng'ombe wa Vigwaza na khanga yako iliyolowa

Mdogo wangu mpendwa,

Vumbi la Vigwaza limenifika magotini. Juzi kwenye simu uliniuliza swali nikakosa jibu: kwa nini, tangu upate kichanga, mtoto wa jirani akilia khanga yako ndiyo inayolowa maziwa? Jibu nimelipata huku, tena kwa ng'ombe. Ngoja nianzie asubuhi.

Nilipanda Coaster Mbezi bila hata chai. Tumbo lilinguruma njia nzima, lakini nguvu sikupungukiwa, maana ini huweka akiba ya sukari, na sukari ikishuka kwenye damu kongosho hulitumia homoni ya kulifungulisha ghala. Mlandizi ukaingia dirishani mkono wa muuza mayai. Mawili ya kuchemsha kwa 1,000, na kachumbari ya pilipili juu. Matamu hayo!

Nilishuka jirani na mizani. Malori, mdogo wangu, foleni haina mwisho! Navuka barabara, moja likapiga honi nyuma ya sikio langu. Niliruka hadi majanini, ndala moja ikabaki kwenye lami. Kijana wa bodaboda akaniletea: "Pole mama, ushavuka." Nilikuwa nimeshavuka kweli, ila moyo unadunda, mdomo mkavu, mikono inatetemeka. Masikio yaliushtua ubongo, mishipa ya fahamu ikaziamsha tezi mbili zinazokaa juu ya figo, nazo zikamwaga adrenalini kwenye damu. Moyo ukaenda mbio, njia za hewa zikapanuka, ini likatoa sukari kwa ajili ya misuli, na tumbo likaambiwa lingoje. Ujumbe wa mishipa hukatika papo hapo, lakini homoni huchukua dakika kadhaa kutoka kwenye damu. Ndiyo maana lori lilishatokomea, nami bado natetemeka chini ya mwarobaini.

Mchana nilikula kwa mama ntilie: wali, maharage, mchicha na kipande cha nyama, 3,000. Nilikaa na bibi mmoja aliyesogeza nusu ya wali wake kwangu. "Kula mwanangu, mimi nina sukari." Kwangu mimi chakula kikifika, utumbo wenyewe hulipasha kongosho habari, insulini ikatoka, sukari ikaingia kwenye misuli. Kwa bibi misuli haiisikii tena insulini vizuri. Alisema akitoka kulima hujisikia mwepesi, na hakukosea: misuli inayofanya kazi huchukua sukari hata pale insulini inaposhindwa kuishawishi.

Tukiwa bado mezani, likapita gari la matangazo: chanjo ya kuku, njooni! Mtaa mzima ulisikia, ila walionyanyuka ni wenye kuku tu. Nikacheka peke yangu. Homoni nazo hupita na damu mwili mzima, lakini kiungo kisicho na kipokezi chake hakigeuki hata kutazama.

Sasa ng'ombe. Jioni nilikwenda kwenye boma la Wamasai kununua maziwa. Yeyo, mama wa boma, alimwachia ndama anyonye kidogo, akamtoa, akaanza kukamua. Maziwa yanalia kwenye kibuyu, raha kusikiliza. Yakaanza manyunyu, nami nikafungua mwavuli wangu mwekundu, fwaa! Ng'ombe akaruka, na maziwa yakakata. Niliomba radhi mno. Yeyo hakukasirika, alimrudisha ndama tu, akaniambia tusubiri, atatulia. Zilipita kama dakika kumi.

Nikiwa nimesimama pale na mwavuli uliofungwa, nikakukumbuka. Kunyonya huamsha mishipa ya chuchu, mishipa huupasha ubongo, na tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, haizidi punje ya njegere, huachia oksitosini. Hiyo ikifika na damu, misuli midogo ndani ya titi hukaza na kuyasukuma maziwa nje. Hofu huizuia. Na ubongo wa mama hujifunza haraka: baada ya siku chache sauti ya kilio inatosha, hausubiri kujua ni mtoto wa nani. Homoni hiyohiyo hukaza mfuko wa uzazi urudi ukubwa wake, ndiyo yale maumivu ya tumbo uliyoyasikia wiki ya kwanza kila ukinyonyesha. Kwa hiyo khanga yako ikilowa, usione haya. Mwambie shemeji apunguze redio unapomnyonyesha mtoto, na wageni wenye makelele wakakae barazani.

Nusu lita nimeuziwa 1,000, na yeyo akaongeza kikombe cha bure kwa ajili ya mzazi. Nitayagandisha yawe mtindi nikuletee Jumamosi. Hodi nitabisha polepole.

Dada yako.