Kutoka Chogo hadi Flati: Waya wa Picha Kwakoa

Televisheni za kwanza kufika Kwakoa zilikuwa na waya mmoja tu wa kuhangaikia, ule wa betri. Kata hii ya Wilaya ya Mwanga imelala tambarare, mashariki ya Milima ya Upare Kaskazini, na kwa miaka mingi nguzo za umeme zilikuwa mambo ya mjini. Betri ya gari ya volti 12 ilipelekwa kuchajiwa, ikarudi imefungwa nyuma ya baiskeli, ikaunganishwa na chogo, yaani televisheni nene ya zamani, cha inchi 14, cha picha nyeusi na nyeupe. Ikianza kuchoka, picha ilisinyaa kutoka pembeni kuja katikati, na watazamaji wakajua kwamba mwisho wa mkanda watasimuliwa na wengine.

Antena haikuwa na msaada mkubwa. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu 1973, Bara ikasubiri hadi 1994. Lakini hata baada ya hapo ukuta wa milima ulibaki pale pale. Kilele cha Kindoroko kina mita 2,113, na mawimbi ya televisheni husafiri kwa kunyooka, hayapandi mlima yakateremkia upande wa pili. Mtu mmoja alizungusha bomba la antena nje, mwingine akapaza sauti kutoka ndani, "Hapo hapo, usiguse!" Mara nyingi kilichonaswa kilikuwa chenga.

Ndiyo maana deki ilitangulia kituo cha televisheni. Ilianza ya kanda za VHS, ikafuata ya VCD, kisha ya DVD, na pamoja nayo ukaja waya wa AV wenye vichwa vitatu: njano kwa picha, nyekundu na nyeupe kwa sauti. Siri yote iko kwenye ule wa njano. Mwanga na rangi za picha nzima hupitishwa humo vikiwa vimechanganywa, na televisheni inalazimika kuvitenganisha upya. Haivitenganishi vizuri, ndiyo sababu shati la mistari myembamba humetameta rangi ambazo halina. Mfumo wa PAL uliotumika Tanzania una mistari 625, ambayo 576 ndiyo hubeba picha. VCD haikufika hata hapo: ilikuwa na nukta 352 kwa 288. Kwenye chogo kidogo hakuna aliyelalamika, kwa kuwa kioo chenyewe kilificha aibu.

Mwaka 2013, zamu ya Moshi na Arusha ilipofika ya kuzima mitambo ya analojia, neno king'amuzi lilikuwa limekwisha kuwa la kila siku. Upande huu wa milima mkombozi alikuwa dishi. Setilaiti inayorusha matangazo ya Azam iko nyuzi 7 Mashariki, kwa hiyo dishi la Kwakoa linaelekea magharibi, kwenye milima ile ile iliyokuwa ikiziba antena. Ila linatazama juu, karibu nyuzi 54 kutoka upeo wa macho, na mlima unabaki chini. La DStv, linalofuata setilaiti ya nyuzi 36, hutazama karibu utosini.

Kisha zikaja flati, televisheni bapa, na hapo ndipo mambo yalipochekesha. Kioo kilikuwa na nukta 1,920 kwa 1,080, zaidi ya milioni mbili, lakini king'amuzi kiliunganishwa kwa waya ule ule wa njano, usioweza kupitisha zaidi ya mistari 576. Picha ya umbo la zamani ikavutwa kujaza kioo kipana, wachezaji wa Simba na Yanga wakanenepa, na lawama zikaenda kwa flati: eti chogo kilikuwa na picha kali zaidi. Chogo hakikuwa na kosa, flati haikuwa na kosa; kosa lilikuwa la waya.

Dawa yake ilikuwapo sokoni tangu mwisho wa 2002, ilipotolewa HDMI na kampuni saba, miongoni mwao Sony, Philips na Toshiba. Waya huu hubeba namba badala ya mawimbi, na una pini 19. Ukichomekwa, televisheni hukieleza king'amuzi inaweza kuonyesha nukta ngapi, nacho hujipanga. Waya mbovu hautii ukungu kwenye picha. Hutoa vimulimuli au giza tupu. Kwa hiyo kulipia waya wa bei mbaya kwa kutegemea rangi nzuri zaidi ni kumnenepesha muuza duka. Tofauti ya kweli iko kwenye kasi: toleo la 2.0 la 2013 hupitisha gigabiti 18 kwa sekunde, zinazotosha picha za 4K sitini kwa sekunde, la 2.1 la 2017 hufika 48. Kwa king'amuzi cha kawaida, hiyo ni barabara ya lami kwa baiskeli.

Adui mkubwa wa HDMI ni radi. Ikipiga jirani, umeme huingia kupitia waya wa dishi, hupita kwenye king'amuzi na kuua tundu la HDMI kwanza, kwa sababu vijisakiti vyake ni vya volti ndogo mno. Flati huendelea kuwaka, na fundi hurudisha waya wa njano. Flati za karibuni, hata hivyo, nyingi hazina matundu matatu ya AV. Zina kitundu kimoja chembamba kinachohitaji kiunganishi chake, ambacho kwa kawaida kilitupwa pamoja na boksi.