Mzee aliyezipaka risasi nta

Msomaji mpenzi, hebu tuanze na neno lenyewe. Ukitamka “risasi”, mmoja atafikiria ile itokayo kwenye mtutu wa bunduki, na mwingine atafikiria madini mazito ya kijivu ambayo fundi wa redio huyayeyusha ili aunganishe nyaya. Lugha yetu imeviita vitu hivyo viwili kwa jina moja, wala haikukosea. Kwa miaka mingi nilidhani kwamba hatari ya risasi imo katika ile ya kwanza tu. Aliyenitoa tongotongo ni mzee mmoja wa Marekani, tena kwa sababu ya kipande cha mkate.

Mwaka wa 2009 nilikuwa mwanafunzi katika jimbo la Missouri. Nilikuwa nimepanga chumba nyumbani kwa mzee aliyefiwa na mkewe, mtu mpole, mpenda kahawa na ulengaji shabaha. Jumamosi moja ya baridi kali nilisikia harufu ya nta ya nyuki ikitoka katika gereji yake. Nikadhani anatengeneza mishumaa. Kumbe sivyo! Katika sinia ya bati nilikuta risasi za bastola zipatazo mia moja zimesimamishwa wima kama askari wa gwaride, naye anazimiminia nta iliyoyeyuka polepole, kama mtu anayemimina uji kwenye kikombe cha mtoto.

Huenda ukauliza, je, hilo si kosa la jinai? Hapa kwetu sheria ya silaha ni kali, na anayeunda risasi nyumbani bila idhini anajitafutia jela. Kule Marekani, mwenye bastola halali anaruhusiwa kuyaokota maganda aliyokwisha kuyatumia, kuyatia fataki na baruti mpya, kisha kuyajaza tena kwa matumizi yake mwenyewe. Mzee wangu alikuwa akifanya hivyo ili apunguze gharama ya mchezo wake. Risasi zenyewe alizisubu kutokana na vile vipande vizito vinavyobandikwa kwenye rimu za magari ili magurudumu yasitetemeke.

Nilimuuliza nta ni ya nini. Akacheka, akaniambia nikwaruze risasi moja kwa ukucha. Ilikwaruzika. “Umeona, kijana? Ni laini mno,” akasema. Ndani ya mtutu wa bastola mna mikato inayozunguka, ambayo huipa risasi mwendo wa pia ili isiyumbe hewani. Risasi tupu ikipita humo kwa kasi, husuguana na chuma, na moto wa baruti hupenya pembeni mwake na kuilamba. Chembe zake hubaki zimegandamana katika ile mikato. Baada ya kufyatua mara kadhaa, mtutu huwa umeziba ukoko kama sufuria ya ugali, na shabaha yote hupotea.

Ndiyo maana risasi hizo zina mifereji midogo kiunoni. Nta hukaa humo na kulainisha njia. Lakini nta ya nyuki peke yake ni kavu, hupasuka wakati wa baridi. Zamani watu waliichanganya na shahamu ya wanyama. Mzee alitia mafuta ya sufu ya kondoo kidogo. Akizidisha mafuta, mchanganyiko huwa mwororo, na jua likiwaka huyeyuka na kuingia katika baruti ikaharibika. Aliiyeyusha nta katika kopo lililowekwa ndani ya sufuria ya maji yanayochemka, maana nta ikikutana na moto moja kwa moja yaweza kushika moto. Ilipopoa na kuganda katika sinia, alizing'oa risasi moja moja kwa kibomba kama mama anavyokata mandazi, akipangusa kila kitako kisibaki na nta.

Nilimsaidia kwa muda wa saa nzima. Kisha njaa ikaniuma. Nikachomoa kipande cha mkate mfukoni, na kabla sijakitia mdomoni, mzee yule mpole alinishika mkono kwa nguvu hata mkate ukaanguka chini. “Kanawe kwanza! Kwa sabuni!” alifoka. Sikuwahi kumsikia akipaza sauti namna ile.

Baadaye alinieleza. Risasi haipenyi ngozi kwa urahisi. Mlango wake ni mdomo na pua. Mkono wa mwenye nta ni mbaya zaidi, kwa kuwa nta hunata, na chembe za risasi hunata pamoja nayo. Ndiyo sababu mzee hakula wala kuvuta sigara katika gereji ile. Chungu cha kuyeyushia hakikuvuka mlango wa jikoni hata siku moja. Nguo za kazi alizivua kabla ya kuwapokea wajukuu wake.

Nilikuwa nikisoma historia, na usiku huo nilikumbuka habari za Bara Hindi. Mwaka wa 1857 askari wa Kampuni ya East India walipewa bunduki mpya za Enfield, ambazo risasi zake zilikuja katika karatasi iliyopakwa mafuta, na askari alitakiwa kuing'ata kwa meno. Uvumi ukaenea kwamba mafuta yale ni ya ng'ombe na nguruwe. Wahindu na Waislamu wakaghadhibika pamoja. Manung'uniko mengine yalikuwapo tayari, lakini uvumi huo ulichochea uasi mkubwa uliolipuka Meerut mwezi wa Mei. Watu wale walijua jambo moja nisilolijua mimi na mkate wangu: mtu ana haki ya kuuliza ni kitu gani kinachoingia kinywani mwake.

Lakini kilichoninyima usingizi, msomaji, si historia. Nilimkumbuka ami yangu wa Mombasa, mvuvi. Tulipokuwa watoto, alikuwa akiyeyusha risasi za betri kuukuu ili asubu chubwi za nyavu zake. Aliyeyushia wapi? Jikoni, juu ya jiko la makaa, katika sufuria ambayo kesho yake ilipikiwa maharagwe. Sisi tulichutama pembeni tukipuliza moto, na chubwi zilizopoa tulizichezea kama gololi. Wadogo walizitia mdomoni.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Mtoto hufyonza mara nne hadi tano ya kile afyonzacho mtu mzima aliyemeza kiasi kile kile. Risasi hujificha katika mifupa na meno, na hudhuru ubongo unaokua. Haina harufu wala haiumi. Wenzetu wa kijiji cha Owino Uhuru, papo hapo Mombasa, waliyajua hayo kwa machungu kutokana na kiwanda cha kuyeyusha betri. Mwaka wa 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni, na kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu.

Niliporudi nyumbani nilimweleza ami. Alinitazama kwa muda mrefu, akasema, “Mbona wewe hukufa, mwanangu?” Sikuwa na jibu la kumshinda, na sikutaka kumshinda. Nilimwambia tu kwamba si kila kinachodhuru huua, na kwamba hakuna aliyetupima. Hakunijibu. Lakini wiki iliyofuata nilikuta ile sufuria kuukuu imetobolewa kitako, imetupwa. Chubwi sasa ananunua dukani.

Basi, msomaji, huenda hutaiona bastola maisha yako yote, na heri iwe hivyo. Lakini fundi wa betri, fundi wa redio na mvuvi pengine wamo katika ukoo wako. Anaporudi jioni na mtoto akamkimbilia, mwambie kwa upole kama alivyonifokea mzee wangu kwa ukali: akanawe kwanza, kwa sabuni.