Lilikuwa Limempotea?

Mara ya mwisho babu alipokuja Mwanza kutoka Ukerewe, alikuja kliniki ya presha. Tulipotoka bandarini nilimpumzisha karibu na mnara wa saa, pale kiplefti, ambapo nusu ya mji huu hupeana miadi. Hakujua kusoma, lakini saa aliijua. Mshale mfupi ulikuwa kwenye tisa, akasema, "Saa tatu." Sote tunafanya hivyo: tunatazama namba moja na kutamka iliyo mkabala nayo, maana siku yetu huanza jua linapochomoza.

Kisha akaonyesha kibao cha mnarani. "Wameandika nini?"

Kilikuwa cha Kiingereza. Nikamtafsiria kwamba tarehe 3 Agosti 1858, kutoka kilima cha Isamilo, maili moja kutoka hapo, Speke aliliona kwa mara ya kwanza ziwa ambalo baadaye alithibitisha kuwa ni chanzo cha Nile.

Babu alivua katika ziwa hilo tangu utotoni. Akafikiri kidogo. "Lilikuwa limempotea?"

Hakuwa anadhihaki, aliuliza kweli, tena kwa sauti. Muuza vocha akaangua kicheko. Mimi nikaona aibu. "Babu, twende, tutachelewa."

Sasa naandika tasnifu ya uzamili kuhusu safari zile, na majibu ninayo tele. Speke alimwacha mwenzake Burton Tabora, mgonjwa. Na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa akiwa mtoto akauzwa hadi India, alizungumza naye Kihindustani. Kwa hiyo maneno ya watu wa huku yalimfikia Speke yakiwa yamepita lugha mbili tatu. Na hilo "alithibitisha" lina walakini: mto ukitoka ziwani aliuona Jinja tarehe 28 Julai 1862, na bado London waliendelea kubishana, hadi Stanley alipolizunguka ziwa mwaka 1875. Jina la malkia wake, hata hivyo, alilitoa mapema. Bombay kibaoni hayumo.

Babu alifariki kabla sijaanza utafiti. Katika daftari langu kuna wavuvi kumi na wawili, na kila mmoja nimemuuliza wazee wake waliliitaje ziwa. Yeye sikumuuliza. Siku ile tulifika kliniki mapema mno, tukakaa kwenye benchi saa mbili nzima, mimi nikichezea simu.