Vitenzi Vyenye Mikia

Wenzangu wengi hapa shuleni hushikilia kwamba mtu mwenye maneno mengi ya Kiingereza kichwani ndiye anayekijua Kiingereza. Mimi sikubaliani nao, na sababu yangu ni kijana mmoja Mchina.

Kijana huyu kwao ni mkoa wa Hunan. Ana umri wa miaka 24, naye ni karani na mkalimani katika kiwanda kimoja cha mjini kwetu. Alianza kusoma Kiingereza darasa la tatu, kama serikali ya Uchina ilivyoagiza mwaka 2001, na akiwa chuoni akapita mtihani wa Kiingereza wa vyuo vikuu vya kwao, ambao ulianzishwa mwaka 1987. Mtihani huo humtaka mtu ajue maneno zaidi ya 4,000, naye aliyahifadhi yote kwa kufuata alfabeti. Aliniambia kwamba katika vitabu vingi vya namna hiyo neno la kwanza ni “abandon,” yaani kuacha kabisa, na wanafunzi wa kwao hulifanyia mzaha, maana wengi hufungua kitabu, husoma neno hilo, na hapo hapo hukiacha kabisa!

Basi siku moja ya Ijumaa mitambo ya kiwanda ilihitaji kutengenezwa, na watu kumi na wanane walitakiwa wapumzike Jumatatu. Karani akabandika tangazo langoni. Alikuwa amesikia watu wakisema “day off,” yaani siku ya mapumziko, na katika kitabu chake alikuwa ameona “lay off.” Akaandika kwamba watu wafuatao “are laid off on Monday.” Msomaji ajuaye Kiingereza ameshaelewa. Maana yake ni kwamba tangu Jumatatu watu wale hawana kazi tena.

Mjomba wangu alikuwa mmoja wao. Alirudi nyumbani na viatu vyake vya kazi mkononi, akakaa kimya, na baada ya chakula akatoa pesa alizokuwa nazo akazihesabu mara mbili. Ada yangu ya muhula uliofuata ilikuwa bado haijalipwa, na anayeilipa ni yeye. Asubuhi nilimwambia, “Mjomba, twende nikalisome tangazo hilo mwenyewe.” Tukaenda. Nikamwuliza karani kama watu hawa watarudi Jumanne. Akanitazama kwa mshangao akajibu, “Naam, kwa nini wasirudi?”

Wote waliitwa kwa simu. Lakini mmoja alikuwa amekwisha kuuza baiskeli yake apate nauli ya kwenda kwao, na mnunuzi alikataa kuirudisha.

Baada ya hapo karani aliniomba nimfundishe, naye angelipia chai na chapati. Tulikutana jioni kwa muda wa likizo nzima. Vitenzi hivi vyenye neno dogo nyuma yake mimi huviita vitenzi vyenye mikia, kwa sababu mkia ndio unaomgeuza mnyama. “Look” ni kutazama, lakini “look after” ni kutunza, “look for” ni kutafuta, na “look down on” ni kudharau. Rafiki yangu alijua “tolerate” na “postpone,” lakini “put up with” na “put off” hakuzitumia hata siku moja. Hayuko peke yake. Mwaka 2004 wataalamu wawili, Liao na Fukuya, walichapisha uchunguzi wao juu ya Wachina wanaojifunza Kiingereza, wakaonyesha kwamba wanafunzi wa kiwango cha kati huvikwepa vitenzi hivi na kuchagua neno moja zito. Padre anayetufundisha Kiingereza husema kwamba mengi ya maneno hayo mazito yaliingia kutoka Kifaransa, baada ya Wanormani kuitwaa Uingereza mwaka 1066, na kutoka Kilatini cha wasomi, ila watu sokoni waliendelea na vitenzi vyao vya zamani.

Jambo lililonishangaza ni kwamba hata Kichina kina mikia yake. “Zhan qilai” ni kusimama. “Qilai” peke yake ni kuinuka. Lakini “xiang qilai,” ambayo ukiifuata neno kwa neno ni kufikiri na kuinuka, maana yake ni kukumbuka. Nilipomwuliza ni nini kinachoinuka hapo, alicheka sana, kwa kuwa hakuwa amepata kujiuliza. Kwa upande mwingine, taa kwao hufunguliwa na kufungwa, na ndiyo sababu alikuwa akisema “open the light.”

Kitabu chake kilipanga vitenzi kwa kufuata shina, “take” zote ukurasa mmoja. Naona mpango huo ni mbaya, maana mtu huzichanganya zote kwa siku moja. Sisi tulipanga kwa mikia. Chini ya “up” tuliweka “eat up,” “use up” na “drink up,” ambazo zote zina maana ya kumaliza kabisa. Chini ya “off” tuliweka zile za kukata au kuondoka, kama “cut off,” “set off,” na ile “lay off” yake, ambayo aliipigia mstari kwa wino mwekundu. Kisha kulikuwa na taabu ya mahali pa kuweka “it.” Husemwa “give it up,” wala si “give up it,” lakini “look after it” haigawanyiki. Hapo sikio lilimsaidia. Katika “give up” sauti hukazwa juu ya mkia, na katika “look after” hukazwa juu ya kitenzi. Kichina ni lugha ya toni, naye aliyasikia mambo hayo upesi.

Jioni moja nilimwuliza, badala ya “abandon” watu husema nini kila siku? Hakujua. Nikamwambia, “Give up.” Akafungua kile kitabu cha zamani, ukurasa wa kwanza, akaiandika pembeni.

Siku hizi anajifunza Kiswahili pia, naye ameniuliza ni nini kinachopigwa katika kupiga simu, kupiga pasi, kupiga magoti na kupiga kura. Ana daftari la “piga” peke yake. Juzi lilikuwa limefika ukurasa wa nne.