Paterni ya shangazi, sasa ni programu huria

Nimekuwa kimya hapa kwa wiki kadhaa, na safari hii sababu si kazi ya ofisini. Nimekuwa nikiandika programu ya kushona sketi. Ndiyo, sketi!

Wengi wenu mtakumbuka sayansi kimu ya 8-4-4, mfumo ulioanza mwaka 1985, ambapo hata sisi wavulana tulishika sindano na kushona pindo darasani. Nyumbani nako kulikuwa na vitambaa vya makochi: mtu anachora maua juu ya nguo nyeupe kwa karatasi ya kaboni, kisha anafuata mistari kwa uzi wa rangi. Kushona nyumbani si jambo geni kwetu Eastlands. Lililokuja kulizima ni mitumba, ilipomwagika Gikomba miaka ya 1990. Nani atakaa siku mbili juu ya cherehani wakati gauni liko mkekani na bei inateremka kila jua likizama?

Sasa nasoma kwamba Uingereza vifurushi vya kushonea nyumbani vimerudi. (Ningeandika "kiti" mngedhani nauza fanicha, kwa hiyo kifurushi.) Maarufu zaidi ni Clothkits, iliyoanzishwa na Anne Kennedy mjini Lewes mwaka 1968. Ujanja wao ulikuwa rahisi: badala ya kukupa paterni ya karatasi, walichapisha mistari ya kukatia juu ya kitambaa chenyewe. Unakata, unaunganisha, unavaa. Biashara ilikufa mwanzoni mwa miaka ya 1990, kisha mwaka 2008 ikafufuliwa mjini Chichester, na wanaoinunua ni pamoja na akina mama waliovalishwa nguo hizo wakiwa watoto.

Ukifikiria vizuri, pwani yetu imekuwa na kitu cha namna hiyo siku zote. Leso huuzwa doti nzima, vipande viwili vikiwa bado vimeshikana, na wewe ndiwe wa kukata na kupinda kingo. Kofia za Lamu na Unguja nazo, nakshi huchorwa kwanza kwenye kitambaa, halafu kinakwenda nyumbani kwa mama atakayetoboa na kushona tundu moja moja. Mmoja anachora, mwingine anashona. Jambo hilo ndilo lililonigusa, kwa sababu ya shangazi.

Shangazi yangu ameshona Kaloleni tangu kabla sijazaliwa. Kazi yake hasa ni wale ambao mitumba haiwakubali: mama mwenye nyonga pana na kiuno chembamba, msichana ambaye mguu mmoja ni mfupi na sketi ya shule lazima ikatwe upande mmoja tofauti ili pindo likae sawa. Wateja wa namna hiyo hawaendi kwingine. Lakini presha ya macho imemla. Kushona bado anashona, maana vidole vinaijua njia. Kukata ndiko kumemshinda, chaki haioni tena. Binti yake alitaka cherehani iuzwe. Shangazi akaacha kula siku hiyo, na mimi nikaitwa kama mwanamume wa kuamua mambo.

Sikuamua chochote. Niliomba daftari lake.

Wenzangu, hiyo ni databesi! Madaftari manne ya shule, kila mteja na ukurasa wake: kiuno, nyonga, urefu, na alama ambazo ni yeye tu anazielewa. Nyota ina maana bega moja liko chini. Herufi M ina maana "mgongo", yaani nyuma iongezwe. Nikakaa naye jioni tatu nikimuuliza maswali kama ninavyowauliza wateja wa programu, na kama wao, alijibu kwa mafumbo. "Robo ya nyonga, uongeze nusu inchi ya kupumulia, baba." (Ananiita baba kwa kuwa nimerithi jina la babake.) Sawa. Nyonga inchi 44, robo ni 11, na nusu ya kupumulia, 11.5. Kiuno 34, robo ni 8.5. Hizo inchi 3 zilizobaki zinakwenda wapi? Nyingine zinapunguzwa ubavuni, nyingine zinabanwa kwenye mkunjo, na mkunjo wa nyuma hula zaidi kuliko wa mbele. Mkunjo uwe na urefu gani? "Mpaka unapoisha." Ilibidi nichukue sketi zake tano na kuzipima kwa tepu ndipo nikapata kanuni.

Kuna watu waliotangulia. FreeSewing ni programu huria iliyoandikwa kwa JavaScript, inayochora paterni kwa vipimo vyako badala ya saizi 10 au 12. Iko pia Seamly2D, nayo huria. Nimejifunza mengi humo, ila alama za shangazi hazimo, kwa hiyo nimeandika yangu. Unaingiza vipimo, inatoa PDF ya kurasa za A4. Kipande kimoja cha sketi ya kawaida hula kurasa 6, mbele na nyuma 12, unaziunganisha kwa gundi. Ukienda saiba waambie wasikubali mashine ipunguze ukurasa! Ndiyo maana kwenye ukurasa wa kwanza nimeweka mraba wa sentimita 5. Upime kwa rula kabla ya kulipa.

Mistari nimeifanya minene, milimita 3, binti yake akate bila kubahatisha. Mahali pa kuunganisha tunatoboa kitambaa kidogo ukingoni, na shangazi anapatafuta kwa kidole gumba. Kifurushi kinamfikia kikiwa na vipande, zipu, uzi wa rangi yake na mkanda wa kiuno uliokatwa tayari. Ameshamaliza sketi saba. Ya nane aliirudisha akisema kitambaa kimekatwa kinyume na uzi wake, na kweli kilikuwa hivyo. Alijua kwa kukivuta tu.

Fundi mmoja wa Uhuru Market aliniuliza kama nataka kuwaua njaa. Swali lake ni halali. Lakini mitumba inamuumiza kuliko karatasi zangu, na nilipomwonyesha ile sketi ya mguu mfupi alinyamaza, akaomba nimpe faili. Nimempa. Sidhani kama kifurushi kitamshinda mtumba wa Gikomba kwa bei, na sijaribu. Ninachojali ni ile miili ambayo Gikomba haina nguo yake.

Kilichobaki ni blauzi, na hapo mkono unanitesa. Duara la juu ya mkono lazima lizidi kidogo lile la kwapa, la sivyo nguo inavuta. Nikamuuliza shangazi lizidi kwa kiasi gani. Akasema, "Kidogo." Jumamosi narudi Kaloleni na tepu.